Ngome ya Agra na mto uliokuwa uhai wake

Mwaka 1561 wakazi wa Agra, kaskazini mwa India, walimwona mfalme wao akivuka Mto Yamuna kwa namna ya kutisha. Akbar, kijana ambaye hata miaka 20 alikuwa hajaitimiza, alikuwa amempanda tembo mkali aliyeitwa Hawai na kumpambanisha na tembo mwingine, Ran Bagha. Ran Bagha akazidiwa nguvu, akageuka na kukimbilia kwenye daraja la mashua zilizofungwa pamoja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Hawai akamfuata mbio, mfalme akiwa mgongoni. Mashua zikawa zinadidimia na kuibuka kwa uzito wa wanyama wale, na watumishi wakajitosa majini pande zote mbili, wakiogelea sambamba na daraja ili wamdake bwana wao akianguka. Hakuanguka. Wachoraji wa ikulu walikichora kisa hicho baadaye, na picha yao imehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya Victoria and Albert jijini London.

Naanza na mto kwa makusudi. Wageni wengi wanaofika Agra hufuata Taj Mahal, na ngome kubwa ya mawe mekundu iliyo umbali wa kilomita mbili na nusu hivi huipa ile saa inayobaki kabla ya treni ya jioni. Huingia, hupanda hadi kwenye roshani za marumaru, hupiga picha ya Taj ikionekana kwa mbali, kisha huondoka. Naona huko ni kuidhulumu. Taj ni kaburi, na kaburi linaeleza huzuni ya mtu mmoja. Ngome ya Agra inaeleza jinsi dola nzima ilivyoishi, ilivyogombana na ilivyoanguka. Lakini haifunguki vizuri kwa mtu anayeipa maji mgongo. Takriban kila jambo kubwa lililotokea ndani ya kuta zile lilipitia mtoni, au lilitazamwa kutoka juu ya mto, au lilisababishwa na mto.

Yamuna huanzia kwenye barafu za milima ya Himalaya, hupita Delhi, kisha huteremka hadi Agra, ambako hujikunja kuelekea mashariki. Safari yake huishia Prayagraj, mji uliojulikana zamani kama Allahabad, inapoungana na Mto Ganga. Katika zama ambazo njia za nchi kavu zilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, mto huu ndio uliokuwa barabara kuu. Nafaka, vitambaa, mawe ya ujenzi na askari vilisafirishwa kwa mashua. Aliyeushika ukingo wa Agra alikuwa ameshika koo la kaskazini mwa India.

Ndiyo maana palikuwa na ngome hapo kabla ya Akbar. Iliitwa Badalgarh, ilijengwa kwa matofali, na masultani wa ukoo wa Lodi waliitumia walipohamishia makao yao Agra mwanzoni mwa karne ya 16. Ibrahim Lodi, wa mwisho wao, aliuawa katika vita vya Panipat Aprili 1526, akipigana na Babur, mvamizi kutoka Asia ya Kati aliyeasisi dola ya Mughal. Babur alimtuma mwanawe Humayun kuwahi hazina ya Agra, na Humayun akakabidhiwa humo almasi kubwa ambayo wanahistoria wengi huihusisha na Koh-i-Noor. Babur alifia Agra mwaka 1530, na Humayun akatawazwa hapo hapo. Miaka kumi baadaye alinyang'anywa ufalme na Sher Shah, akatangatanga uhamishoni, na Akbar akazaliwa safarini mwaka 1542. Mtoto aliyezaliwa bila nyumba ndiye aliyekuja kujenga nyumba ambayo kuta zake zingestahimili mizinga.

Kazi ilianza mwaka 1565, miaka minne baada ya ile mbio ya tembo darajani, ikachukua takriban miaka minane. Aliyeisimamia alikuwa Qasim Khan, afisa ambaye pia alikuwa na dhamana ya vyombo vya majini vya mfalme. Katikati ya kuta mafundi waliweka matofali na vifusi, na nje wakazivika mawe ya mchanga mekundu kutoka machimbo ya Rajasthan na vilima vya jirani. Abul Fazl, mwandishi wa tarehe za Akbar, alisifu kwamba mawe yale yaliunganishwa kiasi kwamba unywele usingeweza kupenya katikati yake. Anayepitisha kiganja juu ya maungio hayo leo, zaidi ya miaka 450 baadaye, atakubali kwamba sifa hiyo haikuwa ya kumfurahisha bwana tu.

Ukuta una urefu wa kilomita mbili na nusu hivi kuizunguka ngome yote, na mahali pengine umesimama mita 21. Upo wa nje na wa ndani, na mbele yake limechimbwa handaki. Ikitazamwa kutoka juu, ngome ina umbo la nusu duara: upande ulionyooka umelala sambamba na mto, na upinde wake umeelekea mjini. Lilikuwepo lango kila upande. Lango la Delhi, upande wa magharibi, ndilo lililokuwa la fahari, na mfalme aliingilia humo. Upande wa mto lilikuwapo Lango la Khizri, likitelemkia kwenye ngazi za maji. Jina hilo linamkumbusha Khidhri, ambaye masimulizi ya Waislamu, ya kwetu pwani pia, humhusisha na maji ya uhai. Lango hilo likumbukwe, kwa kuwa baadaye ndilo litakaloamua hatima ya mfalme.

Mgeni wa leo huingilia kusini, katika Lango la Amar Singh. Ukishavuka daraja la handaki unakutana na kona kali, kisha lango, kisha kona nyingine. Hii ni hesabu ya kivita. Tembo wa adui anayetaka kuvunja mlango kwa paji la uso anahitaji nafasi ya kukimbia, na hapa hakupewa hata hatua za kutosha kuanza mbio. Baada ya malango unapanda mteremko mrefu uliosakafiwa kwa mawe, kuta ndefu kushoto na kulia, na waongoza wageni husimulia jinsi mafuta ya moto yangemwagwa kutoka juu. Piga kofi hapo usikie sauti inavyorudi: hakuna ambaye angepita kimyakimya.

Amar Singh Rathore alikuwa mtukufu wa Warajput, wapiganaji wa Kihindu wa kaskazini mwa India. Mwaka 1644, katika baraza mbele ya mfalme Shah Jahan, alichomoa silaha na kumuua Salabat Khan, afisa mkubwa wa hazina ya jeshi, na yeye mwenyewe akauawa. Nyimbo na michezo ya jukwaani ya kaskazini mwa India imemfanya shujaa, na masimulizi yanasema farasi wake alimrusha juu ya ukuta hadi nje ya handaki. Ukisimama pale chini ukautazama ukuta ule, utajua kwamba ni masimulizi. Lakini jina limebaki kwenye lango.

Abul Fazl anasema Akbar alijenga humo karibu majengo 500 kwa mitindo ya Bengal na Gujarat. Yaliyobaki ni machache, na kubwa kuliko yote ni kasri liitwalo Jahangiri Mahal. Hapa ndipo ningemshauri mtu akae muda mrefu. Wajenzi wa Kihindu na wa Kiislamu walifanya kazi bega kwa bega, na inaonekana: nguzo na mihimili imechongwa mawe kana kwamba ni mbao, mikono ya kubebea paa imejikunja kama ya mahekalu, na pembeni mwake yapo matao na nakshi za nyota zilizotoka Uajemi na Asia ya Kati. Akbar alioa binti za Warajput na kuwaacha na dini yao. Siasa yake ya kuwaweka pamoja watu wa imani tofauti inasomeka katika kuta hizi wazi kuliko katika hati yoyote. Mtu aliyezoea milango ya Kigujarati ya Zanzibar, iliyoletwa au kuigwa na mafundi wa karne ya 19, atauona mkono wa ndugu zao hapa.

Mbele ya kasri hilo lipo beseni kubwa la kuogea lililochongwa katika jiwe moja, lenye kimo cha mita moja na nusu hivi, na vidaraja vya kupandia ndani na nje. Lina maandishi ya Kiajemi ya mwaka 1611, zama za Jahangir, mwana wa Akbar. Jahangir ameandika katika kumbukumbu zake kwamba amri yake ya kwanza baada ya kutawazwa mwaka 1605 ilikuwa kutengeneza mnyororo wa dhahabu wenye kengele 60. Ncha moja ilifungwa juu ya ngome, nyingine kwenye nguzo ya jiwe ukingoni mwa mto, ili mtu yeyote aliyedhulumiwa na mahakimu auvute na mfalme asikie. Kama wengi waliwahi kuuvuta, hilo ni jambo jingine. Walinzi wa mto hawakuwa watu wa kuchezewa. Lakini angalia alikochagua kuuweka. Hakuuweka kwenye lango la fahari la upande wa mjini, aliuweka mtoni, mahali ambapo wavuvi, wasafiri, wafua nguo na mahujaji walifika kila siku.

Jahangir huyo huyo alikuwa na adui mmoja aliyemnyima usingizi, naye alitoka Afrika. Malik Ambar alizaliwa Ethiopia kama mwaka 1548, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akapita mikononi mwa mabwana kadhaa hadi akafika Deccan, kusini mwa India. Huko alipanda ngazi hadi akawa mtawala halisi wa Ahmadnagar kwa niaba ya masultani wake, na kwa miaka mingi majeshi ya Mughal yaliyotumwa kumwangamiza yalirudi yakiwa yamechoka na aibu. Mchoraji Abul Hasan alimchora Jahangir akiwa amesimama juu ya dunia, akilenga mshale kichwa cha Malik Ambar kilichotungikwa mkukini. Picha hiyo iko Dublin, katika maktaba ya Chester Beatty. Ilikuwa ndoto ya mfalme iliyotiwa rangi: Malik Ambar alifariki mwaka 1626 akiwa mzee, hajatekwa. Katika vyumba vya Agra ambako mipango ya vita vya kusini ilizungumzwa, jina la Mwafrika huyo lilitamkwa mara nyingi kuliko walivyopenda.

Baada ya Jahangir alikuja Shah Jahan, na rangi ya ngome ikabadilika. Babu yake alipenda jiwe jekundu, yeye alipenda marumaru nyeupe. Alibomoa majengo mengi ya Akbar na kusimamisha yake mahali hapo. Unapotoka katika ua wa Jahangiri Mahal na kuingia Khas Mahal, ni kama umetoka karne moja hadi nyingine kwa hatua kumi. Kuta zinang'aa, sakafu imepoa hata kiangazi, na mbele yake imetandazwa bustani ya Anguri Bagh, iliyogawanywa kwa njia za maji. Kando yake kipo Sheesh Mahal, chumba cha kuogea kilichopambwa vioo vidogo vidogo ukutani na darini. Mshumaa mmoja uliangaza chumba kizima.

Jengo lililo bora kuliko yote ni Musamman Burj, mnara wa pembe nane uliochomoza nje ya ukuta, juu kabisa ya mto. Nguzo zake za marumaru zimepachikwa vito kwa ufundi ambao mafundi wa Agra wanauendeleza mpaka sasa: jiwe linachimbwa kishimo chenye umbo la jani au ua, kisha kipande cha akiki au feruzi kinasuguliwa hadi kinatoshea humo bila upenyo. Katikati ya sakafu kuna kidimbwi kidogo cha maji kilichochongwa kama ua. Upepo wa mtoni ulipanda hadi humo, ukapita kwenye viambaza vya mawe vilivyotobolewa kama kimia. Kabla ya umeme, hakukuwa na mahali pazuri zaidi katika mji huo pa kulala usiku wa mwezi wa Juni.

Kila alfajiri mfalme alijitokeza kwenye roshani upande wa mto, na umati uliokusanyika mchangani chini ya ukuta ulimwona. Haikuwa mbwembwe. Siku ambayo hakuonekana, mji ulianza kunong'ona kwamba amekufa, maduka yakafungwa, na wanawe wakaanza kuhesabu askari wao. Mchanga huo ndio uliokuwa pia uwanja wa mapambano ya tembo. Mwaka 1633 tembo mmoja, Sudhakar, aliacha kupigana na mwenzake akawageukia watazamaji waliokuwa juu ya farasi. Watu wakatawanyika. Mwana wa kiume wa tatu wa Shah Jahan, Aurangzeb, mwenye umri wa miaka 14, hakukimbia. Alimrushia tembo mkuki kichwani, farasi wake akaangushwa, naye akainuka na upanga mkononi. Ndugu yake Shuja na watu wengine wakafika kumsaidia, na yule tembo wa kwanza aliporudi, Sudhakar akatoroka. Baba alimpima mwanawe kwa dhahabu kumzawadia ujasiri. Alikuwa akimtazama kijana ambaye, miaka 25 baadaye, angerudi ukingoni hapo hapo kuizingira nyumba ya baba yake.

Septemba 1657 Shah Jahan aliugua vibaya. Hakujitokeza mbele ya watu, na uvumi ukaenea nchi nzima. Wanawe wanne wakaanza kupigania kiti akiwa bado hai. Hapa ni haki kukumbuka kwamba yeye mwenyewe, alipotawazwa mwaka 1628, alikuwa amewafutilia mbali ndugu na jamaa wenye haki ya kudai ufalme. Watoto walikuwa wameona namna mambo yanavyofanywa katika nyumba yao. Dara Shikoh, mkubwa na kipenzi cha baba, mtu wa vitabu aliyetafsirisha maandiko ya Kihindu kwa Kiajemi, alishindwa na Aurangzeb huko Samugarh, mwendo mfupi kutoka Agra, katikati ya mwaka 1658. Alipita mjini usiku, akaona aibu kumtazama baba yake usoni, akakimbilia Delhi.

Aurangzeb akaizingira ngome. Mizinga yake ilipiga, na kuta za Akbar zikastahimili. Hazikuwa za kuvunjwa kwa wiki moja wala kwa mwezi mmoja. Basi akafanya jambo rahisi kuliko mizinga: akaliteka eneo la nje ya Lango la Khizri na kuzuia maji ya mto yasiingie. Ilikuwa kiangazi cha India, wakati joto linapozidi nyuzi 40 na upepo mkavu unachoma ngozi. Visima vya ndani vilikuwa na maji machungu. Mzee aliyezoea maji baridi ya Yamuna akawa anakunywa hayo. Alimwandikia mwanawe barua ya kulalamika kwamba Wahindu huwapa maji hata wafu wao, ilhali yeye anayejiita Mwislamu mwema anamnyima maji baba aliye hai. Barua haikusaidia. Siku chache tu zikapita, malango yakafunguliwa.

Huo ndio udhaifu ambao mjenzi mkubwa hakuuona, au pengine aliuona na akakubali kuishi nao. Ngome ilikuwa imepanga kila kona kumzuia tembo, mpanda ngazi na mchimba mashimo. Lakini iliunyonya mto kama mtoto anyonyavyo ziwa la mama, na aliyemtenga mtoto na mama hakuhitaji kitu kingine.

Shah Jahan aliishi miaka minane zaidi, mfungwa katika makasri aliyoyajenga. Simulizi za chumba cha giza na pingu si kweli: alikuwa na watumishi, chakula na vyumba vyake vya marumaru. Alichonyang'anywa ni ufalme, uhuru wa kutoka, na vito vyake vilivyodaiwa kimoja kimoja na mwanawe katika barua za kuudhi. Binti yake Jahanara aliamua kubaki naye na kumhudumia. Upande wa mashariki, mto unapopinda, aliiona kila siku Taj Mahal, kaburi la mkewe Mumtaz Mahal aliyefariki mwaka 1631. Watu hupenda kuifanya picha hiyo iwe ya mapenzi tu. Mimi huona pia mtu aliyetumia hazina ya nchi kwa miaka mingi kujenga jambo moja zuri, akabaki na muda wote duniani wa kulitazama, huku nchi yenyewe ikitawaliwa na mwingine.

Alifariki mwaka 1666. Jahanara alitaka mazishi ya kifalme, hakukubaliwa. Mwili ulitolewa kupitia mlango wa chini wa ngome, ukashushwa hadi ukingoni, ukapakiwa kwenye mashua na kusafirishwa kwa maji hadi Taj, ukalazwa kando ya Mumtaz. Njia ile iliyofungwa kumnyima maji ndiyo iliyofunguliwa kumtoa.

Mwaka huo huo Shivaji, kiongozi wa Wamaratha, aliletwa mbele ya Aurangzeb katika baraza la ngome hii. Aliona amevunjiwa heshima kwa mahali aliposimamishwa, akang'aka mbele ya watu, akawekwa chini ya ulinzi mjini. Miezi michache baadaye akatoroka. Husimuliwa kwamba alijificha katika makapu ya vitamu vya sadaka. Leo sanamu yake juu ya farasi imesimama nje ya Lango la Amar Singh, ikiitazama ngome ya mwenyeji wake.

Yaliyofuata ni ya kupokezana. Wajat waliitwaa ngome mwaka 1761, kisha Wamaratha, kisha Waingereza chini ya Jenerali Lake mwaka 1803. Katika maasi ya 1857 dhidi ya Waingereza maelfu ya watu, Wazungu na watumishi wao, walijazana ndani ya kuta kwa miezi. John Russell Colvin, mtawala wa Kiingereza wa mkoa, alifia humo, akazikwa mbele ya ukumbi wa baraza la watu wote, na kaburi lake bado limesimama hapo, geni kabisa mbele ya matao ya Shah Jahan. Arthur Conan Doyle aliitumia ngome wakati wa maasi hayo katika hadithi yake ya Sherlock Holmes, The Sign of the Four, iliyotoka mwaka 1890.

Kipo kitu kingine ambacho wageni wengi hukipita bila kukijua: milango mikubwa ya mbao iliyowekwa chumbani. Mwaka 1842 Gavana Mkuu Lord Ellenborough aliagiza jeshi liing'oe kwenye kaburi la Mahmud wa Ghazni huko Afghanistan, akatangaza kwa shangwe kwamba ni milango ya msandali iliyoporwa kutoka hekalu la Somnath karne nane nyuma, na kwamba Waingereza wamewarudishia Wahindu heshima yao. Wataalamu walipoichunguza waligundua ni mbao za mti wa deodar, zimenakshiwa kwa mtindo wa Ghazni kwenyewe. Haikuwa na uhusiano wowote na Somnath. Imebaki Agra tangu wakati huo.

Waingereza walibomoa majengo mengi wakajenga kambi, na reli ilipokuja, uwanja uliounganisha Lango la Delhi na msikiti wa Ijumaa aliojenga Jahanara uliondolewa kuipisha. Mpaka sasa sehemu kubwa ya ngome, upande wa kaskazini, inatumiwa na jeshi la India. Lango la Delhi na Moti Masjid, msikiti wa marumaru unaosifiwa kuwa miongoni mwa mizuri zaidi ya zama za Mughal, havifunguliwi kwa umma. Jeshi lina sababu zake, lakini ni vigumu kukubali kwamba mahali palipoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1983 panaonyeshwa nusu nusu. Ningependa walau siku chache kwa mwaka milango hiyo ifunguliwe.

Kinachoniuma zaidi kipo nje ya ukuta. Mto umesogea mbali, na katikati yake na ngome inapita barabara yenye magari mengi. Kwa miezi mingi Yamuna ya Agra ni maji machache meusi yenye povu, kwa kuwa sehemu kubwa ya maji safi huchukuliwa juu kwa umwagiliaji na matumizi ya miji, na kinachorudishwa ni maji taka ya Delhi na miji mingine. Desemba 1996 Mahakama ya Juu ya India iliamuru viwanda 292 vilivyo karibu vitumie gesi badala ya makaa au vihame, ili moshi usiendelee kuichafua marumaru ya Taj. Amri hiyo ilionyesha kuwa serikali ikitaka inaweza. Hewa ilipata mtetezi mwenye meno, mto umepewa mipango na fedha tangu miaka ya 1990 na bado haunyweki. Julai 2023, mvua za masika zilipozidi, maji yalipanda hadi kugusa kuta za Taj kwa mara ya kwanza baada ya miaka 45, na watu walikwenda kutazama kama tukio la ajabu. Kwa Akbar ilikuwa hali ya kawaida ya kila mwaka.

Anayepanga safari ajue kwamba Taj hufungwa siku ya Ijumaa, na ngome hufunguliwa kila siku kuanzia macheo hadi machweo, hivyo Ijumaa ni siku ya msongamano. Miezi mizuri ni Oktoba, Novemba, Februari na Machi. Desemba na Januari ukungu huweza kuifuta Taj machoni siku nzima. Kutoka Delhi treni ya Gatimaan huchukua chini ya saa mbili, na tangu Machi 2024 treni ya mjini ina kituo chini ya ardhi karibu na ngome. Tenga saa tatu zisizopungua. Anza na mawe mekundu ya Akbar kabla ya marumaru, ukiacha Musamman Burj iwe ya mwisho. Ukitoka, vuka upande wa pili wa mto uone kaburi la Itimad-ud-Daulah, lililojengwa na Nur Jahan, mke wa Jahangir, kwa ajili ya wazazi wake. Ufundi wa kupachika vito uliojaa Taj ulijaribiwa hapo kwanza. Na sokoni usiache kuonja petha, kitamu cha Agra kinachopikwa kwa boga jeupe na sukari.